Mkwaju, Tunu na Sinki la Waingereza

Nyumba nyingi za Bangwe, ufukweni Kigoma, hazina sinki. Vyombo huoshwa uani kwenye beseni, mwoshaji amekalia ndoo aliyoigeuza, majivu yakipambana na masizi ya sufuria. Kwa hiyo jina walilozipa Waingereza filamu zao za ndoa zenye kununa, "drama za sinki la jikoni", litamchekesha kidogo mtu wa ufukwe huu. Ugomvi wenyewe hautahitaji mkalimani.

Jina hilo lilitoka kwenye uchoraji. Mwaka 1954 mhakiki David Sylvester aliandika juu ya wachoraji wa aina ya John Bratby, waliochora kila kilichomo jikoni, sinki likiwemo. Mei 1956 tamthilia ya John Osborne, Look Back in Anger, ikapanda jukwaani London: Jimmy Porter, msomi mwenye kibanda cha peremende sokoni, anamporomoshea maneno mkewe Alison naye yuko kwenye meza ya kupigia pasi. Tony Richardson aliigeuza filamu mwaka 1959, na Jimmy akachezwa na Richard Burton. (Watu wa Ujiji wasichanganye. Richard Burton wao, yule msafiri, alifika ziwani Februari 1858 akiwa na John Speke, na hao wawili baadaye walikosana kuliko wanandoa wengi.) Mwaka 1962 ikaja A Kind of Loving: kijana anampa binti mimba, anamwoa kwa kubanwa, wanahamia kwa mama mkwe. Watazamaji walitoka ukumbini bila kuambiwa wafanye nini.

Kwetu, maisha ya nyumbani yaliingia kwenye sinema yakisindikizwa na mwalimu.

Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa majaribio ya sinema kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Walipiga filamu fupi 35, wakazizungusha kwa gari Tanganyika na nchi jirani. Mada zilikuwa kodi, safura, kilimo, kuweka akiba posta. Mtu akificha fedha zake nyumbani, mtazamaji alijua mapema kwamba mwizi yuko njiani. Miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ilirudi tena kwenye kamera, safari hii pamoja na kampuni ya Afrika Kusini, na katika Muhogo Mchungu mhusika mkuu akawa kijana mtumishi wa ustawi wa jamii aitwaye Rashidi Kawawa. Januari 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu. Nchi chache zimepata kiongozi kwa njia hiyo.

Uhuru haukumwondoa mwalimu. Ulimbadilisha tu. Hata Arusi ya Mariamu, filamu ya mwaka 1985 ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill kuhusu mke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi, imebeba hoja mkononi, ingawa inambeba Mariamu kwa upole.

Drama yetu halisi ya ndoa mbovu haikuonekana kwa macho. Ilisikika. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori, ana mke nyumbani na wanawake njiani. Anapenda pombe, na anataka watoto wa kiume. Jina lake peke yake ni bakora. Mkewe, Tunu, anavumilia, anavumilia, kisha anamwacha na kuanza kujitegemea kwa biashara ndogo. Mkwaju anapata UKIMWI. Nyuma ya hadithi walisimama wahamasishaji wa uzazi wa mpango na watafiti: kwa miaka miwili Dodoma iliachwa bila mchezo huo, ikapigiwa muziki badala yake, ili ilinganishwe na mikoa iliyousikia. Mchezo ulibadilisha watu, utafiti ulionyesha hivyo. Lakini Tunu alipendwa kwa sababu kila mtaa ulikuwa na Tunu wake, si kwa sababu ya uzazi wa mpango.

Zikaja Bongo muvi. Tangu Girlfriend ya mwaka 2003, ndoa ilihama jikoni ikakaa sebuleni: makochi, geti, gari linaloingia polepole, mke analia na vipodozi vyake vikiwa salama. Mwalimu aliondoka, akaingia muuza samani.

Bangwe, wakati huo wote, iliendelea na ratiba yake. Usiku wa giza wavuvi wanasukuma mitumbwi, taa zinawashwa, na kutoka ufukweni ziwa linaonekana kama mji mwingine. Dagaa huifuata taa. Asubuhi kazi inahamia kwa wanawake: kuanika, kugeuza, kuhesabu, kukopesha, kudai. Mbalamwezi ikikolea taa haina nguvu, wavuvi hukaa nchi kavu kwa siku kadhaa. Mume yuko nyumbani, fedha hazipo, dagaa wa mwisho wameshauzwa na deni la mafuta ya injini limebaki.

Mtengeneza filamu anayetafuta sinki lake asipande Kigoma wakati wa giza kupiga picha za taa zile nzuri. Aje mwezi ukiwa mpevu, aombe ruhusa ya wenyewe, aweke kamera uani karibu na beseni, anyamaze.