Warongo: Chuo cha Wahunzi Kabla ya Vyuo

Geita ya leo hutajwa kwa dhahabu. Lakini kabla Wajerumani hawajaanza kuipima miamba yake, nchi ya Uzinza ilijulikana kwa chuma. Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo, wakafua majembe yaliyouzwa hadi Usukuma. Jembe halikuwa zana tu, lililipiwa mahari.

Linalonivutia zaidi ni kwamba Warongo hawakuwa kabila. Walikuwa chama cha mafundi kilichopokea watu wa asili mbalimbali, mradi wakubali taratibu za kuingizwa. Mwanafunzi hakukabidhiwa nyundo siku ya kwanza. Palikuwa na miti ya kukata, mkaa wa kuchoma, mivukuto ya kuvukuta hadi mikono ife ganzi. Palikuwa pia na miiko, kwani tanuri lilihesabiwa kuwa mwanamke anayezaa chuma. (Sijui ni mtaala gani wa leo ungelikubali somo hilo.)

Majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya yaliua soko, na soko lilipokufa, chuo nacho kikafungwa.

Ufundi wenyewe haukwisha. Wachimbaji wadogo wanahitaji sululu na moko, na wapo vijana wanaozifua kwa vyuma chakavu vya magari. VETA sasa hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nami naunga mkono. Ila cheti hicho humtambua kijana kana kwamba ufundi wake ulizaliwa gereji. Nikiuliza darasani Warongo ni akina nani, hata wanafunzi waliotoka Geita kwenyewe hunyamaza.