Mbuna

Mbuna ni samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa jamaa moja na sato na perege. Jina limetoka katika Kitonga cha Malawi, na wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wamelichukua lilivyo. Ni heshima wanayostahili wavuvi wa ziwa hilo.

Ziwani, dume hulinda kipande chake cha mwamba chenye mwani wa kula. Ndani ya tangi la kioo mpinzani hana pa kukimbilia, na huumwa mapezi hadi kufa. Kwa hiyo hufugwa wengi pamoja, katika tangi la lita 200 au zaidi lenye mapango tele ya mawe, ili ukali usimwangukie mmoja. Kila dume huhitaji majike watatu au zaidi. Mbuna wa manjano ni mpole kiasi. Mbuna aitwaye Melanochromis auratus ni mkatili hasa. Ngogo wa ziwa hilohilo, mwenye miiba mikali, huishi nao vizuri. Samaki wazito wa kuogelea, wenye mapezi marefu, wasitiwe humo kabisa.