Meza Pepe: Istilahi na Uteuzi wa Zana za Mchezo wa Kuvaa Uhusika

Meza pepe ni programu ya kompyuta inayoshika nafasi ya meza katika mchezo wa kuvaa uhusika, yaani mchezo ambao kila mshiriki hunena na kutenda kwa nafsi ya mhusika aliyembuni, huku fanani, ambaye ndiye msimulizi na mwamuzi, akieleza mazingira na matokeo, na dadu ikikata shauri pale tendo lisipokuwa na hakika. Mchezo wa namna hii ulianza kuuzwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani, na kwa miaka mingi haukuhitaji zaidi ya karatasi, penseli, dadu na ramani ya kuchora kwa mkono.

Neno pepe limekwisha kuzoeleka katika barua pepe, ambamo kitu hufanya kazi ya kile halisi bila kushikika, na kwa hiyo meza pepe ni istilahi bora kuliko meza ya kidijitali, inayoweza kudhaniwa kuwa meza yenye kioo cha kompyuta. Kuvaa uhusika nako ni msemo wa waigizaji wa filamu, nao unafaa kuliko mchezo wa kuigiza, ambao tayari ni jina la tamthilia.

Kazi ya meza pepe hudhihirika katika ramani. Fanani wa Moshi anayetunga mkasa wa zama za watawala wa Kichagga, Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho, anaweza kuchora mahandaki ambayo Wachagga waliyachimba chini ya ardhi, huko Marangu na kwingineko, ili kuficha watu na mifugo wakati wa vita. Kwa kawaida ramani hugawanywa kwa miraba, kila mraba ukiwakilisha futi 5, yaani karibu mita 1.5, na sehemu zisizofikiwa hufunikwa na kile kinachoweza kuitwa ukungu wa ramani, ambao hufunuka kadiri kete ya mhusika inavyosogezwa, hata mwenye mwenge akaiona kona ya handaki kabla ya wenzake walio nyuma.

Katika kuteua zana, kigezo cha kwanza ni mahali programu inapokaa. Roll20, iliyoanza mwaka 2012, hukaa katika seva za kampuni na kufunguliwa kwa kivinjari, hivyo kila mchezaji huhitaji bando muda wote wa mchezo. Foundry VTT, iliyotoka mwaka 2020, hukaa katika kompyuta mpakato ya fanani, ambaye peke yake hununua leseni, tena mara moja tu, na wachezaji walio chumba kimoja naye huweza kujiunga kwa Wi-Fi ya humo humo.

Kigezo cha pili, kilicho kizito zaidi, ni kile ambacho kikundi cha wachezaji kimekosa. Wanafunzi wanaokutana ana kwa ana Moshi mjini tayari wana sauti, nyuso na dadu, kwa hiyo ramani katika kioo kimoja huwatosha. Lakini mmoja akiwa Machame, mwingine Dar es Salaam, programu hupaswa kubeba pia sauti, dadu na karatasi ya mhusika, ambamo huandikwa uwezo na mali zake. Fanani anayezikusanya zana zote kabla ya kulijua pengo lake huwatwisha wachezaji kazi ya kujifunza vitufe, ilhali wao wamekuja kutunga hadithi pamoja.