Tundu la Kiwandani, Tundu la Mkono

Mkusanyaji wa sarafu aliyeko Kicukiro, nchini Rwanda, ana nafasi nzuri ya kulinganisha matundu. Heller 10 ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina tundu katikati, sawa na senti 10 ya Kongo ya Ubelgiji, ambayo fedha yake iliingia Rwanda baada ya Wabelgiji kuitwaa nchi mwaka 1916. Tundu hilo limetoka kiwandani, na maandishi yamepangwa kulizunguka. Rupia ya fedha yenye sura ya Kaisari Wilhelm II haikutengenezwa hivyo. Ikiwa na tundu, kuna mtu aliyeitoboa baadaye, na kwa tundu hilo bei yake hushuka. Kwa nini tundu moja ni sehemu ya sarafu na jingine ni kasoro? Jibu hutegemea desturi inayoulizwa.

Nchini China, mfanyabiashara aliyepokea dola ya kigeni aliipima, na akiridhika na ubora wa fedha yake aliigonga muhuri mdogo. Dola za biashara ambazo Marekani ilizitoa kuanzia 1873 hadi 1878 kwa ajili ya soko hilo mara nyingi zimejaa mihuri ya namna hii. Kila muhuri ulikuwa dhamana ya mtu aliyejulikana sokoni.

Katika nchi za Bahari ya Shamu, kuanzia Yemen hadi Ethiopia, imani ilijengwa kinyume chake. Reale ya Maria Theresa, ambayo imeendelea kuchapwa kwa tarehe ileile ya 1780, ilikaguliwa sura: lulu za taji na za bruchi zilitazamwa moja baada ya nyingine, na iliyosagika iliweza kukataliwa. Mchina aliamini fedha iliyokwisha kugongwa. Myemeni aliamini ile ambayo haijaguswa. Wote wawili walikuwa wakijikinga na udanganyifu, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

Msumbiji ilifuata njia ya tatu. Mwishoni mwa karne ya 19 utawala wa Wareno uligonga herufi PM chini ya taji juu ya reale hizohizo na juu ya rupia za India, ili zitambulike kuwa fedha halali ya koloni. Hapa aliyesema ni serikali. Nchini Uingereza, kwa upande mwingine, wanawake waliodai haki ya kura waligonga dai lao juu ya peni yenye sura ya Mfalme Edward VII. Hapa aliyesema ni raia, tena kwa kuvunja sheria. Peni moja ya mwaka 1903 iliyogongwa hivyo imehifadhiwa katika British Museum, ingawa bila maneno yale ingekuwa shaba ya kawaida tu.

Kuna pia tundu la pambo. Wanawake wa Ethiopia na wa Uarabuni walivaa reale shingoni, zikiwa akiba na urembo kwa pamoja. Kampuni ya Marekani ya PCGS, inayopanga sarafu kwa madaraja ya ubora, hukubali kuipa daraja kamili dola yenye mihuri ya Kichina, lakini iliyotobolewa huinyima daraja hilo. Msimamo huo unaeleweka kwa anayetafuta uso kama ulivyotoka kiwandani. Hata hivyo unamsikiliza mfanyabiashara na kumnyamazisha mvaaji, ilhali wote wawili waliitumia sarafu kwa desturi iliyokubalika kwao.

Naona tofauti ya haki ni hii: alama iliyotiwa kwa desturi inayotambulika ni ushahidi, mkwaruzo usio na desturi ni hasara. Ushahidi huo nao lazima uthibitishwe, maana alama yenye bei huvuta waghushi. Tundu lililovaliwa miaka mingi huwa limelainika, na upande wa uzi umelika zaidi. Lililotobolewa jana lina kingo kali. Anayeziba tundu la zamani au kusugua sarafu ing'ae huharibu mara ya pili, kwani hufuta alichosema mmiliki wa kwanza wala harudishi kilichotoka kiwandani. Mkusanyaji mwaminifu ataiuza rupia iliyotobolewa kwa bei ya iliyotobolewa, na ataandika kando yake kile ambacho tundu lenyewe linathibitisha, bila kuongeza hadithi.