Fishabodi, kuoza na ukarabati

Fishabodi ni ubao unaopigiliwa kwenye vichwa vya kenchi kuzunguka ukingo wa paa. Hukinga vichwa hivyo dhidi ya mvua, huzuia ndege na popo kuingia darini, tena hubeba gata. Hukaa juani na mvuani mwaka mzima na ni wachache wanaopanda kuutazama, hivyo aghalabu ndio ubao wa kwanza wa nyumba kuoza.

Chanzo

Mbao huozeshwa na kuvu, na kuvu haiishi bila maji. Ubao ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 hauozi, hata ukidumu miaka mingi. Kwa hiyo kinachotafutwa kwanza ni njia ya maji. Bati lililoishia sawasawa na ubao hurudisha matone nyuma: maji hufuata tumbo la bati, kisha huteremka usoni mwa ubao. Gata iliyojaa majani ya mwembe au mwarobaini hufurika kwa nyuma, na masika ya Machi hadi Mei huuacha ubao umelowa wiki kwa wiki. Sehemu dhaifu kuliko zote ni maungio, kwa kuwa ubao uliokatwa hunywa maji zaidi kupitia kichwa chake kuliko ubavuni. Rangi ya mafuta iliyopasuka huingiza maji na kuyafungia ndani.

Mchwa hulaumiwa mno, ingawa mara nyingi hukuta ubao umekwisha kulainika.

Dalili

Rangi huvimba, misumari hulegea, gata huinama. Bisibisi ikizama bila kusukumwa, ubao umekwisha.

Ukarabati

Kuziba mashimo kwa unga wa mbao na gundi, kisha kupaka rangi, ni kuficha ugonjwa. Fundi makini hushusha gata, hukata ubao hadi afikie sehemu ngumu, na huweka ungio jipya juu ya kichwa cha kenchi, likiwa limekatwa mshazari. Kabla ya kufunika hukagua kenchi zenyewe. Kichwa kilichooza hukatwa, na kipande kipya cha unene uleule hufungwa ubavuni kwa bolti, kikirudi ndani hadi kwenye mti mzima. Ubao mpya hupakwa rangi ya kwanza pande zote, mgongoni na vichwani pia, kabla ya kupigiliwa. Misumari iwe iliyopakwa zinki. Bati livuke ubao kwa takriban sentimita 5, na gata ipewe mteremko.

Mbao

Paini, nyingi ikitoka Sao Hill wilayani Mufindi, ni nafuu lakini huoza upesi isipotiwa dawa. Iliyotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki huwa na rangi ya kijani. Vipande vyake visichomwe jikoni, kwani moshi na majivu yake ni sumu. Mvule na mninga hudumu zaidi, kwa bei kubwa.

Mbao za nakshi

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kingo za paa na roshani zilipambwa kwa mbao zilizotobolewa nakshi. Mfano mzuri ajabu ni Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887 na kumalizika 1894. Ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture miaka ya 1990.

Siku hizi

Fishabodi za plastiki zinauzwa mijini. Haziozi, ila kenchi zilizo nyuma yake bado ni za mbao.