Karamu ya Kombe katika New England

Desturi ya chakula yaweza kudumu kuliko ngome na majumba, lakini mara nyingi wale waifuatao husahau ilikotoka. Mfano mmoja wa neno hili ni karamu ya kombe, ambayo hufanywa wakati wa joto katika pwani ya New England, yaani majimbo sita yaliyo kaskazini-mashariki ya Marekani.

Kombe ni kiumbe wa bahari mwenye magamba mawili, ajizikaye katika mchanga na tope, naye huchimbuliwa maji yakupwapo. Siku ya karamu, jamaa na marafiki huchimba shimo, wakalitandika mawe ya mviringo, kisha wakawasha juu yake moto wa kuni ngumu. Moto huwaka kwa saa kadhaa hata mawe yakapata moto sana. Ndipo makaa huondolewa, na mawe hufunikwa kwa mwani mbichi. Mwani huo, uliojaa maji ya chumvi, hutoa mvuke mwingi ugusapo mawe. Juu yake hupangwa kombe, kambakoche, mahindi mabichi, viazi na vitunguu, na vyote hufunikwa kwa turubai lililoloweshwa. Baada ya saa moja hivi chakula huwa kimeiva. Hapana sufuria wala mafuta. Lakini lazima wawepo wachimbaji, wachanja kuni na wakusanya mwani, kwa hiyo karamu hii haiwezi kuwa kazi ya mtu mmoja.

Watu wengi wa huko husimulia kwamba Waingereza waliofika Plymouth mwaka 1620 walifundishwa upishi huu na wenyeji wa kabila la Wampanoag, na kwamba tangu siku hizo desturi haikukatika. Je, historia yakubali? Kwamba wenyeji walikula mazao ya ufuoni tangu zamani, hilo halina shaka. Huko Damariscotta, katika jimbo la Maine, viko vilima vya magamba ya chaza vilivyokusanyika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ardhi yenyewe ni shahidi. Lakini maandishi ya wageni hayaonyeshi kwamba walikipenda chakula hicho. William Bradford, aliyekuwa liwali wa Plymouth, aliandika kwamba wageni wapya walipowasili mwaka 1623, chakula bora walichoweza kuwaandalia kilikuwa kambakoche au kipande cha samaki, bila mkate. Alilisimulia jambo hilo kama habari ya dhiki, wala si ya sherehe.

Tena yako mambo mazito zaidi. Waingereza walileta nguruwe, wakawaacha watembee huru. Roger Williams, mwanzilishi wa mji wa Providence, alichapisha mwaka 1643 kitabu juu ya lugha ya Wanarragansett. Humo alieleza jinsi nguruwe walivyongoja maji yakupwe, wakashuka ufuoni na kufukua kombe, na jinsi wenyeji walivyowachukia kwa sababu hiyo. Mwaka uliotangulia, Miantonomi, mkuu wa Wanarragansett, aliwaonya jirani zake wa Long Island kwamba wageni wamefyeka nyasi na kukata miti, na nguruwe wao wanaharibu mahali pa kombe, hata watu wote watakufa njaa. Miantonomi aliuawa mwaka 1643. Mwaka 1675 ilizuka vita kubwa, na Metacom, mkuu wa Wampanoag, aliuawa mwaka 1676. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika pwani ile mgeni alikuja, na mwenyeji hakupona.

Basi karamu ilipataje sifa yake? Mwaka 1769 waungwana wa Plymouth walifanya chakula cha kuwakumbuka wazee wao, na mezani wakaweka kombe na chaza. Chakula cha dhiki kikawa alama ya fahari. Katika karne ya 19, meli za mvuke na reli ziliwachukua watu wa miji ya viwanda hadi ufuoni, na karamu ya kombe ikawa burudani yao. Hata wanasiasa waliitumia kuwavuta wapiga kura. Mwaka 1888 Quakers wa Allen's Neck, katika Massachusetts, walianza karamu yao ya kila mwaka. Hao ni wa madhehebu yale yale ya Marafiki yaliyofungua misheni ya Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902.

Hata hivyo, wenyeji hawakutoweka. Wampanoag wa Mashpee, ambao serikali ya Marekani iliwatambua rasmi kuwa kabila mwaka 2007, wana karamu yao wenyewe iitwayo appanaug, nao huifanya pengine kwa kumheshimu mtu aliyewatumikia watu wake. Hawahitaji kuambiwa na mtu mwingine kwamba desturi hiyo ni ya kale.

Msomaji, usidhani kwamba nataka kuwanyima watu raha ya karamu yao. Mwanafunzi wa historia hushiriki karamu kwa moyo mweupe, lakini huuliza maswali: nani alikula hapa kwanza? Nani aliandika habari hizi, na nani hakupewa kalamu? Akisikia kwamba wageni na wenyeji walikula pamoja kwa amani tangu mwanzo, huenda kutazama magamba yaliyo ardhini, akasoma maandishi ya zamani, kisha akawasikiliza wazee wa kabila. Mashahidi hao watatu wasipopatana, hapo ndipo kazi yake inapoanza.