Kuhama na Kubadilishana: Istilahi Mbili za Jenomu ya Mimea

Punje ya mahindi yenye madoa ya zambarau juu ya rangi hafifu ina historia inayosomeka kwa macho. Jeni ya rangi iliingiliwa katikati na kipande cha DNA kisicho chake, ikanyamaza, na punje ikaanza kukua bila rangi. Baadaye, katika seli moja moja, kipande hicho kikachomoka. Jeni ikaamka, na seli zote zilizotokana na seli ile zikapata zambarau. Kikichomoka mapema, wakati punje ina seli chache, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa nukta tu.

Aliyejifunza kusoma madoa hayo ni Barbara McClintock, mtaalamu wa Marekani wa kromosomu za mahindi. Katika miaka ya 1940, kwenye kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, jimbo la New York, alitambua sehemu mbili za kromosomu zinazobadili makazi, akazipa herufi Ac na Ds. Alichapisha maelezo yake mwaka 1950, lakini wataalamu wengi walichukua muda mrefu kuyatilia maanani. Tuzo ya Nobel aliipokea mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Sehemu hizo zilikuja kupewa jina la mtaani katika Kiingereza, na kwa Kiswahili jina hilo limezaa “jeni rukaji”. Linasikika vizuri na ni rahisi kukumbuka, ila linapotosha mara mbili. Kwanza, vingi vya vipande hivi havina jeni yoyote inayofanya kazi; ni mabaki yaliyoharibika. Pili, vilivyo vingi zaidi katika mimea haviruki. Hubaki pale vilipo na kupeleka nakala zao kwingine. Neno la maabara, transposoni, halina makosa hayo, lakini mwanafunzi wa sekondari akilikuta hapati hata fununu ya maana yake.

Mzizi wa kutumia tunao: hama. Kutoka humo Kiswahili kinatupa maneno matatu yanayotofautiana vizuri. Hamaji ni kile kinachohama chenyewe, kama tunavyosema wafugaji wahamaji. Hamishi ni kile kinachohamisha kingine. Hamishika ni kile kinachoweza kuhamishwa. Tofauti hizo zinaingia sawasawa katika kazi ya Ac na Ds. Ac, yenye urefu wa takriban herufi 4,600 za DNA, imebeba jeni ya kimeng'enya kinachokata ncha zake mbili na kuipachika mahali papya. Kwa hiyo ni hamaji. Kimeng'enya hicho hicho huzitambua ncha za Ds na kuikata pia, kwa hiyo Ac ni hamishi vilevile. Ds imepoteza uwezo wa kutengeneza kimeng'enya. Ni hamishika tu. Mmea ukikosa Ac, Ds hukwama ilipo kizazi baada ya kizazi, na punje hukosa madoa.

Kwa jina la jumla ninapendekeza kipande hamaji, tukilipanua neno hamaji lijumuishe hata kinachohama kwa msaada wa kingine. Pale inapobidi kutofautisha, Ac iwe kipande hamaji huru na Ds iwe kipande hamaji tegemezi. Na kwa kuwa kuna njia mbili za kuhama, tuzitaje kwa kitendo chenyewe. Vya kukata, kama Ac, huchomolewa na kupachikwa kwingine. Vikiingia, herufi 8 za mahali pale hujirudia pande zote mbili, na vikitoka mara nyingi huacha kasoro ndogo ya herufi chache, alama kwamba viliwahi kukaa hapo. Vya kunakili hutengeneza kwanza nakala ya RNA, nayo hugeuzwa kuwa DNA na kuingizwa mahali pengine, huku cha awali kikibaki. Hivi ndivyo vinavyojaza jenomu, maana kila safari huongeza kimoja.

Istilahi ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu jambo lenyewe huchanganywa na la kwanza. Seli zinapogawanyika ili kutengeneza chavua na mayai, kromosomu mbili za jozi moja, ya upande wa baba na ya upande wa mama, hulala sambamba. DNA hukatwa sehemu kadhaa, na katika baadhi ya sehemu hizo kromosomu hupeana vipande. McClintock huyo huyo, pamoja na Harriet Creighton, ndiye aliyelithibitisha hili katika mahindi mwaka 1931, walipokuwa Chuo Kikuu cha Cornell. Walitumia kromosomu ya 9 iliyokuwa na alama mbili zinazoonekana kwa hadubini, kinundu upande mmoja na kipande cha ziada upande wa pili. Katikati palikuwa na jeni ya rangi ya punje na jeni ya aina ya wanga. Mimea iliyotoka na mpangilio mpya wa sifa hizo mbili ilionekana kuwa na kromosomu zilizobaki na alama moja bila ya pili. Sifa zilikuwa zimebadilishana kwa sababu kromosomu zenyewe zilikuwa zimebadilishana.

Wapo wanaoita jambo hili uunganishaji upya. Neno hilo lina mwanya: kipande hamaji kinapopachikwa mahali papya, nacho kimeunganishwa upya. Tofauti iko kwenye anwani. Chukua nakala mbili za kitabu kimoja, uzichane zote kwenye ukurasa wa 50, kisha uunganishe mwanzo wa hii na mwisho wa ile. Kila ukurasa umebaki na namba yake. Kipande hamaji ni aya iliyotolewa ukurasa wa 12, au kunakiliwa kutoka hapo, ikajitokeza ukurasa wa 200 katikati ya sentensi ya watu wengine. Kwa hiyo naliita tendo la kromosomu mbadilishano, kwa maana ya kupeana sehemu zinazolingana.

Matokeo yapewe jina lake, mchanganyo mpya wa jeni, kwani mchanganyo hupatikana hata bila mbadilishano. Gregor Mendel, katika makala yake ya mwaka 1866 kuhusu njegere, alieleza jinsi sifa zinavyogawanywa kwa watoto bila kufuatana. Jeni zilizo kwenye kromosomu tofauti hugawanywa hivyo bila kromosomu yoyote kukatwa. Na kati ya sifa saba alizozifuatilia, moja ililetwa na kipande hamaji. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa njegere zenye mikunjo zina kipande, kinachofanana na jamii ya Ac na Ds, kilichoingia ndani ya jeni ya kimeng'enya cha kutengeneza wanga. Wanga hupungua, sukari na maji huzidi, na punje ikikauka hunywea. Mendel alihesabu matokeo ya kuhama na ya kuchanganyika katika bustani moja. Tukitumia neno moja kwa yote mawili hatuwezi hata kuieleza hesabu yake.

Haja ya maneno mawili huonekana zaidi pale mambo hayo yanapogusana. Jenomu ya mahindi iliposomwa na kuchapishwa mwaka 2009, ilikutwa na herufi bilioni 2.3 hivi kwenye kromosomu 10, jeni zaidi ya 32,000, na vipande hamaji karibu asilimia 85 ya yote. Mpunga una jenomu ya takriban herufi milioni 400, wakati ngano inafikia bilioni 16. Mahindi na mpunga havipishani sana kwa idadi ya jeni. Kilichovipambanua kwa ukubwa ni hasa mrundikano wa vipande hamaji vya kunakili.

Mbadilishano hausambai sawasawa katika jenomu hizo. Mwaka 2002 Hugo Dooner na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, walipima pande mbili za jeni moja ya rangi ya mahindi iitwayo bz. Upande mmoja una jeni nyingi, wa pili una lundo la vipande hamaji. Kwa urefu ule ule wa DNA, upande wa jeni ulikuwa na mbadilishano mara mia hivi zaidi kuliko upande wa pili. Sababu zinazotajwa ni mbili. Mmea hujilinda kwa kubandika vikundi vya methili kwenye vipande hamaji na kuifunga DNA yake kwa kubana, na DNA iliyofungwa hivyo ni vigumu kukatwa na vimeng'enya vya mbadilishano. Tena, vipande vilivyomo katika aina moja ya mahindi mara nyingi havimo katika nyingine mahali pale pale, hivyo kromosomu mbili hazipati cha kulinganisha.

Mtafiti wa mbegu hulipia jambo hili kwa misimu. Akitaka kuhamishia jeni ya kinga kutoka aina dhaifu kwenda aina inayozaa vizuri, na jeni ile ikawa imezungukwa na lundo la vipande hamaji, itakuja na majirani wasiotakiwa. Kuwatenga kunahitaji mbadilishano utokee karibu nayo, na huko ndiko mbadilishano uliko haba. Itabidi apande na kuchambua miche mingi kabla ya kuupata mmoja uliokatika panapofaa.

Kanuni kwamba vipande hamaji hupunguza mbadilishano ina vighairi. Katika Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa baadhi ya jamii za vipande hamaji vya DNA hukaa palepale kimeng'enya cha mbadilishano kinapopenda kukata. Vilevile mbadilishano unaweza kuvila vipande hamaji vyenyewe. Vingi vya kunakili vina ncha mbili zinazofanana. Ncha hizo zikibadilishana zenyewe kwa zenyewe, sehemu yote ya katikati hutupwa na kubaki ncha moja pweke. Ncha pweke za namna hii ni nyingi katika mpunga, ushahidi kwamba jenomu hupunguzwa pia, haikui tu.

Basi maana zikae hivi. Kipande hamaji ni mfuatano wa DNA unaobadili mahali pake katika jenomu, au kupeleka nakala yake kwingine, kwa nguvu zake au kwa msaada wa kimeng'enya cha kipande kingine. Mbadilishano ni kupeana vipande kati ya DNA mbili zinazofanana. Mchanganyo mpya ni mpangilio wa jeni ambao wazazi hawakuwa nao. Mwalimu akitaka kuzipima istilahi hizi, aziweke zote katika sentensi moja: katika mahindi, vipande hamaji vinaporundikana, mbadilishano hupungua, na michanganyo mipya ya jeni za eneo lile huadimika. Mwanafunzi akiielewa bila kuuliza neno, istilahi zimefaa.